Ukishtakiwa kwa Kupatikana na Dawa za Kulevya Nairobi: Kesi Inavyojengwa na Namna ya Kujitetea

Kesi nyingi za kupatikana na bangi au dawa nyingine za kulevya katika mahakama za Makadara, Kibera na Milimani huamuliwa asubuhi ya kwanza, mshtakiwa anaposomewa mashtaka na kujibu kwa maneno mawili: "Ni kweli." Mara nyingi mtu huyo amelala seli siku mbili, ameambiwa na mahabusu wenzake kwamba akikubali atatozwa faini ndogo aende zake, na hajaona karatasi hata moja inayohusu kesi yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake na jamaa zake. Hauwezi kuchukua nafasi ya wakili, kwa sababu wakili ataisoma kesi yenyewe ilhali mimi nazungumzia kesi kwa jumla. Lakini utamwezesha msomaji kujua anachopaswa kuuliza na wakati wa kukiuliza. Kesi ya aina hii husimama juu ya mambo machache tu: nani alikuwa na kitu hicho, je, alikijua, na je, kilichowekwa mbele ya hakimu ndicho kile kile kilichotolewa mfukoni mwake. Kila jambo kati ya hayo huacha karatasi nyuma yake, na utetezi mzuri huanzia kwenye karatasi hizo.

Sheria yenyewe

Sheria inayotumika ni ile ya kudhibiti dawa za kulevya na vitu vinavyoathiri akili, Sheria namba 4 ya mwaka 1994, ambayo ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Kifungu cha 3 ndicho kinachohusu kupatikana na dawa. Kabla ya marekebisho, mtu aliyepatikana na bangi, hata akiiridhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe tu, alikabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10, na cha hadi miaka 20 asipoiridhisha. Marekebisho ya 2022 yalishusha adhabu ya bangi ya matumizi binafsi hadi kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ni vyema kuangalia kama hati ya mashtaka imetaja sheria ya kabla au ya baada ya marekebisho, kwa kuwa bado wapo watu wanaozungumzia adhabu za zamani kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kifungu cha 4 ni kitu kingine kabisa, nacho ndicho cha kuogopwa. Hiki ni cha ulanguzi, na marekebisho hayo hayo ya 2022 yaliweka mpaka wa gramu 100: kiasi kisichofika hapo kinaweza kuleta faini isiyopungua shilingi milioni 30 au kifungo cha miaka 30, na kinachozidi hapo faini isiyopungua milioni 50, au mara tatu ya thamani ya dawa sokoni, au kifungo cha miaka 50. Sheria inafafanua ulanguzi kwa upana mno. Haikomei kuuza, inataja pia kununua, kuhifadhi, kutoa, kusafirisha na kusambaza. Ndiyo maana mwendesha bodaboda aliyebeba kifurushi cha abiria kutoka Eastleigh hadi Umoja anaweza kujikuta ameshtakiwa kwa kifungu cha 4 ingawa hajawahi kuuza chochote maishani mwake.

Upana huo, hata hivyo, una dawa yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba hati ya mashtaka ya ulanguzi lazima iseme ni tendo gani hasa mshtakiwa anadaiwa kulifanya: aliuza, alisafirisha, au alihifadhi. Haitoshi kuandika kwamba "alilangua" kwa kuwa tu alikutwa na kiasi fulani. Upande wa mashtaka usipothibitisha tendo hilo, mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa kosa dogo la kupatikana na dawa, na tofauti ya adhabu kati ya makosa hayo mawili ni tofauti ya maisha. Kwa hiyo jambo la kwanza la kusoma katika hati ya mashtaka ni namba ya kifungu.

Kuna pia kifungu cha 5, kinachomgusa mtu anayevuta, anayekutwa bila sababu ya halali katika nyumba wanamokusanyika watu kuvuta, au anayeruhusu nyumba yake itumike hivyo. Hiki hutumika sana baada ya misako ya usiku. Miraa na muguka havimo katika sheria hii, jambo ambalo wageni wa jiji huwa hawaliamini.

Si kila anayepatikana na dawa hizi amevunja sheria. Kifungu cha 3 kinamwacha nje mtu aliyepewa dawa kihalali na daktari. Jamaa wa mgonjwa wa saratani anayebeba chupa ya mofini kutoka hospitali kwenda nyumbani analindwa na sheria, lakini atalindwa haraka zaidi akiwa na karatasi ya daktari yenye jina la mgonjwa, tarehe na mhuri. Vivyo hivyo mgonjwa anayepata tiba ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, huduma iliyoanza Nairobi katika Hospitali ya Mathari mwaka 2014, hana sababu ya kutembea bila kadi yake ya kliniki.

Maana ya "kupatikana na"

Watu wengi hudhani kwamba kupatikana na kitu ni kukutwa nacho mkononi au mfukoni. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinakwenda mbali zaidi. Mtu anahesabiwa kuwa na kitu hata kama kimewekwa kwa mtu mwingine, ilimradi anajua, au kimewekwa mahali popote, pawe pake au pasiwe pake, kwa matumizi au manufaa yake. Na watu wawili au zaidi wakiwa mahali pamoja, kitu alichonacho mmoja wao kwa ufahamu na idhini ya wenzake huhesabiwa kuwa cha wote.

Neno la kushikilia hapo ni ufahamu. Chukua mfano wa vijana watatu wanaochangia chumba kimoja Pipeline. Polisi wanaingia, wanakuta misokoto ndani ya kiatu chini ya kitanda, na wote watatu wanapelekwa kituoni. Upande wa mashtaka hauwezi kushinda kwa kuonyesha tu kwamba wote watatu wanalala humo. Unapaswa kuonyesha kwamba huyu mmoja aliyesimama kizimbani alijua kuhusu kitu hicho na alikuwa na uwezo juu yake. Maswali yanayofaa basi ni ya kawaida kabisa: Kiatu hicho ni saizi gani, na ni cha nani? Kitanda hicho analalia nani? Nani analipa kodi, na risiti ya M-Pesa iko kwa jina la nani? Kulikuwa na nguo au hati ya mtu yeyote karibu na mahali pale? Je, mmoja wao alikuwa kazini zamu ya usiku wiki hiyo nzima?

Mfano wa matatu ni wa namna hiyo hiyo. Mfuko uliowekwa chini ya kiti, ndani ya gari lenye abiria kumi na wanne, hauwi wa abiria aliyeketi juu yake kwa sababu hiyo pekee. Kinachobadilisha mambo ni ushahidi mwingine, kama vile utingo aliyemwona akipanda nao, ujumbe uliokutwa kwenye simu, au mtu mwenyewe kusema, "Huo ni mzigo wangu." Sentensi kama hiyo, ikitamkwa kando ya barabara kwa woga, huwafunga watu wengi kuliko mfuko wenyewe.

Kukamatwa, kupekuliwa na saa za kwanza

Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Haki ya kunyamaza. Haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine wa kumsaidia. Na haki ya kutolazimishwa kukiri. Kunyamaza hakumaanishi ukaidi. Mtu anaweza kutaja jina lake kwa adabu, akasema kwamba angependa kuzungumza na wakili kabla ya kueleza lolote, kisha akanyamaza kweli. Na ikiwa amekwisha sema jambo, ni vyema kujua kwamba Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haikubali ungamo lililotolewa kwa polisi mpelelezi wa kesi hiyo. Ungamo hukubalika likitolewa mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa ambaye hapelelezi kesi hiyo, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe.

Kuhusu upekuzi, kanuni ya kawaida ni kwamba nyumba hupekuliwa kwa kibali cha mahakama, ingawa sheria inawapa polisi nafasi za kuingia bila kibali pale ambapo kuchelewa kungeharibu ushahidi, na pia uwezo wa kusimamisha gari au mtu wanayemshuku. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa heshima. Hilo limeandikwa katika Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, Sura ya 75. Usipinge upekuzi kwa mikono, hata ukiamini kwamba si halali. Sema kwamba hukubali, kisha tazama. Uhalali wake utajadiliwa mahakamani, ambako Ibara ya 50(4) inamruhusu hakimu kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu iwapo kuukubali kungefanya kesi isiwe ya haki. Nisimdanganye msomaji hapa: mahakimu hawaikubali hoja hiyo kwa urahisi, na mara nyingi upekuzi wenye kasoro husaidia zaidi kwa kuupunguzia ushahidi uzito kuliko kwa kuufuta.

Wakati wa upekuzi polisi wanapaswa kuandika orodha ya vitu walivyochukua. Isome kabla ya kutia sahihi. Ikiwa inasema misokoto ishirini nawe ulionyeshwa mitano, andika hivyo kando ya sahihi yako, au kataa kutia sahihi na ueleze sababu. Huko kituoni, jamaa na waulize namba ya OB (daftari la matukio la kituo), saa iliyoandikwa, na jina au namba ya ofisa aliyemleta mshukiwa. Maelezo hayo machache, yakiandikwa kwenye daftari usiku ule ule, huwa na thamani kubwa miezi minane baadaye shahidi anaposema kwamba alimkamata mtu saa nne usiku ilhali OB inasema saa moja jioni.

Iwapo kuna kamera ya duka, ya jengo la kupanga au ya kituo cha mafuta iliyoelekea mahali pa tukio, jamaa aende kesho yake kuomba picha zihifadhiwe. Mitambo mingi hufuta picha za zamani ili kurekodi mpya. Majina na simu za walioshuhudia pia zichukuliwe mapema, maana mpangaji wa leo atakuwa amehama kesi itakapofika.

Kisha kuna jambo ambalo watu hawaliandiki ingawa wote wanalijua. Mshukiwa au mamake huambiwa kwamba "mambo yanaweza kuisha hapa." Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamfanya mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji, kwa hiyo anayelipa hujiongezea kosa la pili, tena lenye ushahidi ulio wazi zaidi iwapo pesa zimepita kwenye simu. Dhamana ya polisi ni tofauti na hiyo. Ni fedha zinazolipwa kwa risiti, na hurudishwa. Asiyepewa risiti hajalipa dhamana. Malalamiko kuhusu kuombwa pesa, kupigwa au kuwekewa dawa yanaweza kupelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA.

Mtu aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au, saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama, kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni basi anaweza kushikiliwa kihalali hadi Jumatatu, na misako ya mwisho wa wiki huwaweka watu ndani siku nyingi kwa sababu hiyo. Mtoto, yaani mtu wa chini ya miaka 18, anashughulikiwa kwa Sheria ya Watoto ya 2022. Hapaswi kuchanganywa na watu wazima, na aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kijinai.

Siku ya kujibu mashtaka

Tangu mwaka 1973, kwa uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, utaratibu wa kukiri kosa umekuwa wazi: mashtaka yasomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake, upande wa mashtaka ueleze ukweli wa kesi, kisha mshtakiwa aulizwe kama ukweli huo ni sahihi. Akipinga sehemu yoyote ya maelezo hayo, jibu linapaswa kubadilishwa kuwa la kukana. Anayezungumza Kisomali, Kioromo au Kijaluo peke yake ana haki ya mkalimani bila malipo.

Fikiria sasa yule aliyekamatwa Jumamosi na kusomewa mashtaka Jumatatu. Mkemia wa serikali huenda hajakipima kitu hicho. Hakuna mtu mahakamani, hata kiongozi wa mashtaka, anayejua kwa uhakika kwamba majani yale ni bangi au unga ule ni heroini. Anayekiri hapo anakiri jambo ambalo hata serikali yenyewe haijalithibitisha, tena anajifungia mlango wa rufaa, kwa kuwa sheria humruhusu aliyekiri kukata rufaa dhidi ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Zipo rufaa zilizofaulu kwa sababu ripoti ya mkemia haikuwekwa pamoja na maelezo ya kesi wakati wa kukiri, lakini kuitegemea bahati hiyo kutoka rumande ya Industrial Area au gereza la Lang'ata ni jambo gumu. Kwa maoni yangu, asiyeiona ripoti hana sababu ya kukiri siku ya kwanza. Akikana, anaweza kubadilisha jibu baadaye baada ya kuongea na wakili. Akikiri na kuhukumiwa, kurudi nyuma ni taabu.

Baada ya kukana, omba dhamana. Ni haki ya kikatiba isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito za kuinyima. Hakimu huangalia kama mtu ana makazi yanayojulikana, kazi, familia, na kama kuna hofu ya kutoroka au kuwavuruga mashahidi. Jamaa wafike na barua ya chifu au ya mwajiri, risiti za kodi, na kitambulisho cha mdhamini. Ukipewa masharti usiyoyaweza, unaweza kuomba yapunguzwe, kwanza mbele ya hakimu huyo huyo, kisha Mahakama Kuu.

Asiyeweza kumlipa wakili ana njia mbili au tatu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya msaada huo, na shirika la Kituo cha Sheria limekuwa likiwasaidia maskini wa Nairobi tangu miaka ya sabini. Katiba pia inaiamuru serikali kumpa mshtakiwa wakili pale ambapo bila hivyo dhuluma kubwa ingetokea. Anayekabiliwa na miaka 30 kwa kifungu cha 4 alitamke ombi hilo mbele ya hakimu na kuhakikisha kwamba limeandikwa. Anayeajiri wakili athibitishe kwa Chama cha Mawakili kwamba mtu huyo ana leseni ya mwaka huo, kwa sababu matapeli wenye suti wapo kwenye lango la kila mahakama.

Safari ya kielelezo

Hapa ndipo kesi hizi hushinda au hushindwa, na hapa ndipo mshtakiwa anapaswa kutumia muda wake mwingi. Kabla ya kusikizwa kwa kesi, omba nakala za kila kitu: hati ya mashtaka, taarifa za mashahidi wote, orodha ya vitu vilivyochukuliwa, fomu iliyopeleka kielelezo (yaani kitu kilichokamatwa) kwa mkemia, ripoti ya mkemia, picha, na cheti cha thamani ikiwa kipo. Ibara ya 50(2) inakupa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika na kuufikia. Usipopewa, mwambie hakimu, na usikubali kesi ianze.

Sasa zisome kwa kufuatanisha tarehe, uzito na majina. Kifungu cha 74A cha sheria ya 1994 kinataka dawa iliyokamatwa ipimwe uzito wote na sampuli zichukuliwe, inapowezekana, mbele ya mshtakiwa, mkemia rasmi wa serikali, wakili wa mshtakiwa kama anaye, na hata mkemia wa mshtakiwa mwenyewe kama amemteua. Watu wachache sana wanaijua haki hiyo, na wachache zaidi huiomba. Je, uliitwa? Kama hukuitwa, shahidi aulizwe kwa nini haikuwezekana ilhali ulikuwa seli ya kituo hicho hicho.

Uzito ndio unaofuata. Hati ya mashtaka inaweza kusema gramu 120 na ripoti ya mkemia gramu 86. Pengine ofisa alipima pamoja na mfuko wa plastiki, na hakimu anaweza kulikubali elezo hilo. Lakini katika kesi ya ulanguzi tofauti hiyo inavuka mpaka wa gramu 100, na katika kesi yoyote inazua swali kama ni mzigo ule ule. Hesabu pia vipande. Kete (vifurushi vidogo vya unga) kumi na tano zilizokamatwa, kete kumi na saba zilizopokelewa na mkemia, ni jambo ambalo halina elezo jema.

Kisha fuatilia mikono. Nani alikichukua mfukoni, nani alikipokea kituoni, kilihifadhiwa wapi na ufunguo ukiwa kwa nani, nani alikipeleka kwa mkemia wa serikali kule karibu na Hospitali ya Kenyatta, na nani alikirudisha? Kilitiwa alama gani, na alama hiyo hiyo imetajwa katika ripoti? Ikiwa mshtakiwa alikamatwa na wenzake wanne usiku mmoja, vielelezo vyao vilitenganishwaje? Swali hilo la mwisho hupuuzwa mno. Katika msako unaoleta watu thelathini kwenye karandinga moja, mifuko mingi inayofanana huwekwa juu ya meza moja, na ofisa mmoja aliyechoka huandika majina yote. Kuchanganya si lazima kuwe kwa nia mbaya.

Katika mashtaka ambayo faini hutegemea thamani ya sokoni, kifungu cha 86 kinahitaji cheti cha thamani kilichotiwa sahihi na ofisa mwenye mamlaka hayo. Kisipokuwepo, hakimu hana msingi wa kukokotoa mara tatu ya kitu asichokijua bei yake.

Ripoti ya mkemia inaweza kupokelewa bila mkemia mwenyewe kufika. Kama una swali la kweli juu yake, omba aitwe. Kama huna, usimwite kwa ajili ya kumwita. Mtaalamu mzuri akipewa nafasi ya kueleza, huziba mashimo ambayo karatasi iliyaacha wazi.

Kuchagua utetezi mmoja

Washtakiwa wengi hujimaliza kwa kusema mambo mawili yasiyokaa pamoja. Anayedai kwamba bangi haikuwa yake, kisha anaongeza kwamba hata hivyo yeye huvuta kidogo tu jioni, amekubali nusu ya kesi. Kumbuka kwamba nafuu ya matumizi binafsi katika kifungu cha 3 inamtaka mshtakiwa mwenyewe airidhishe mahakama, na haiwezi kudaiwa bila kukubali kwamba kitu kilikuwa chake. Kwa hiyo lazima uamue mapema, pamoja na wakili: unapinga kwamba ulikuwa nacho, au unakubali na kupigania ukubwa wa adhabu. Yote mawili ni utetezi halali. Hayawezi kutumika kwa pamoja.

Anayesema kwamba aliwekewa na polisi ana kazi nzito zaidi. Jambo hilo hutokea, na mahakama zinajua hivyo; lakini pia husemwa na kila mtu, na hakimu amelisikia asubuhi ile ile kutoka kwa wengine. Linaaminika likisemwa mapema na kwa namna moja: kwenye malalamiko kwa IPOA wiki ile ile, katika maswali kwa ofisa aliyemkamata, na tena katika utetezi. Likitajwa kwa mara ya kwanza mshtakiwa anapojitetea, bila ofisa kuulizwa lolote, litaonekana kuwa limetungwa. Eleza pia sababu. Mlikuwa na ugomvi? Uliombwa pesa, na nani mwingine alisikia?

Sheria haitaki idadi maalumu ya mashahidi, na polisi wawili wanaoaminika wanatosha. Hata hivyo, iwapo msimamizi wa jengo au utingo alikuwepo na hakuitwa, muulize mpelelezi kwa nini, kwa kuwa mahakama inaweza kudhani kwamba shahidi huyo angesema yasiyoufaa upande wa mashtaka.

Ushahidi wa serikali ukiisha, hakimu huamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwa ipo, mshtakiwa ana njia tatu: kutoa ushahidi kwa kiapo na kuulizwa maswali, kujieleza bila kiapo na kutoulizwa, au kunyamaza. Maelezo yasiyo ya kiapo hupewa uzito mdogo, kwa hiyo mwenye habari ya kweli na rahisi aapishwe. Hakimu akihamishwa katikati ya kesi, jambo la kawaida sana Nairobi, mshtakiwa anapaswa kuelezwa haki yake ya kuomba mashahidi waitwe upya. Fikiria vizuri kabla ya kuikataa, hasa kama hakimu mpya hakumwona shahidi aliyebabaika.

Kuna pia mapatano na upande wa mashtaka, yaliyomo katika Sura ya 75, ambapo mashtaka ya kifungu cha 4 yanaweza kushushwa hadi kifungu cha 3 kwa makubaliano yaliyoandikwa. Kwa mtu ambaye kweli alikuwa na kitu lakini hakuwa mlanguzi, hiyo huwa njia bora kuliko kesi ya miaka miwili. Ipitie na wakili.

Baada ya hukumu

Ukitiwa hatiani, sema mambo yanayoweza kuthibitishwa: kosa la kwanza, wanaokutegemea, kazi, matibabu uliyoanza. Omba ripoti ya ofisa wa probesheni, yaani kifungo cha nje chini ya uangalizi. Mahakama inaweza kutoa probesheni, au kazi za jamii pale inapoona kifungo kisichozidi miaka mitatu kinafaa, na kumpeleka mraibu kwenye matibabu. Siku ulizokaa rumande lazima zihesabiwe, kwa kifungu cha 333(2) cha Sura ya 75. Mara nyingi husahaulika, kwa hiyo zitaje mwenyewe ukiwa na tarehe mkononi.

Rufaa kwa Mahakama Kuu huwasilishwa ndani ya siku 14. Usisubiri nakala ya mwenendo wa kesi ndipo uiwasilishe. Wasilisha kwanza, sababu zaidi zitaongezwa baadaye.

Ukiachiliwa huru, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa kabla ya kutoka kwenye jengo la mahakama, na uanze siku hiyo hiyo kudai fedha za dhamana ukiwa na risiti ya awali. Nakala ya pili ipelekwe makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Barabara ya Kiambu. Alama za vidole zilichukuliwa uliposhtakiwa, na utakapoomba cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi, rekodi inapaswa kuonyesha kesi iliishaje.